Biwi Halipati Moto, Linanuka, Limeingia Mchwa: Kutatua Matatizo ya Kuozesha Majani ya Uani

Alfajiri kwenye mitaa mingi ya Dar es Salaam sauti ya kwanza baada ya adhana ni ya chelewa. Uwanja unafagiliwa, majani ya mwembe na ya mkungu yanarundikwa pembeni, kisha yanawashwa kiberiti au yanajazwa kwenye kiroba kusubiri gari la taka. Yakichomwa, moshi wake wanauvuta watoto wa nyumba ile ile. Yakichukuliwa, yanaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, kuvunda pamoja na nailoni na nepi. Na Jumamosi mwenye nyumba huyo huyo anatoa hela yake mfukoni kununua kiroba cha udongo mweusi wa kupandia maua. Jambo hili linaniuma kila nikiliona, kwa sababu udongo ule mweusi ndio majani aliyoyachoma juzi.

Wengi walishajaribu kuyaozesha. Walirundika, wakangoja mwezi, wakakuta majani yako vile vile, au biwi linatoa uvundo hadi jirani akalalamika, wakakata tamaa. Mwongozo huu ni wao. Nimeupanga kwa dalili: tafuta unachokiona kwenye biwi lako, uanzie hapo.

Vipimo viwili kabla ya kugusa chochote

Biwi ni kundi kubwa la viumbe wadogo, bakteria na kuvu, wanaokula majani. Wanahitaji maji, hewa na chakula kilichochanganywa. Karibu kila tatizo linatokana na kimoja kati ya hivyo, na mkono wako unaweza kukuambia ni kipi.

Chimba ubavuni mwa biwi kwa jembe hadi ufike ndani kiasi cha urefu wa mkono hadi kiwiko. Sehemu ya juu haisemi ukweli, jua na mvua vimeshaibadilisha. Chota konzi moja ya vitu vya ndani, ukamue kwa nguvu zako zote. Yakitokeza matone mawili matatu katikati ya vidole, na ukifungua kiganja bonge likabaki limeshikana, maji yanatosha. Yakichuruzika hadi kwenye kiwiko, yamezidi. Ukifungua kiganja na kila kitu kikasambaa kama makapi, biwi lina kiu.

Kipimo cha pili ni fimbo. Chukua mti mnyoofu mrefu kuliko biwi, uchonge ncha, uchomeke kwa mshazari hadi katikati na uuache humo humo. Siku ya nne uchomoe, ushike ile ncha. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya ubadilishe mkono, na ina unyevu, biwi linafanya kazi. Ya moto lakini kavu, ongeza maji. Ya baridi na yenye utelezi, hewa haipiti. Ya baridi na kavu, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Dalili: wiki tatu zimepita, biwi limepoa tu

Hapa ndipo wengi wa Pwani wanapokwama, na sababu ya kwanza ni ukavu.

Maelekezo mengi ya kuozesha taka yameandikiwa nchi za baridi, ambako watu wanakata nyasi mbichi kila wiki na biwi linalowa kupita kiasi. Yanakutahadharisha na maji. Sisi taka zetu za uani ni majani makavu yaliyodondoka yenyewe, na jani la mwembe lina nta juu yake. Ukimwaga ndoo ya maji juu ya rundo, yanateleza jani kwa jani hadi chini, ardhi inalowa na biwi linabaki kavu. Ukitazama juu unaona pamelowa, unaridhika.

Mimi nilikosea hivyo hivyo. Biwi langu la kwanza nilikuwa nalimwagilia kila jioni kwa mwezi mzima. Siku moja nilimwita mzee mmoja anayelima mchicha Bonde la Msimbazi aje kuliangalia. Nilimwamkia, akaitikia, akazamisha mkono mzima ndani ya biwi. Nikasikia majani yakikatika kama yanakanyagwa. Akatoa jani moja la katikati. Lilikuwa la kahawia, gumu, mishipa yake yote ipo, kama siku lilipoanguka.

“Mwanangu,” akasema, “hili halijawahi kunywa maji.”

Tulilibomoa lote tukalijenga upya asubuhi ile, na hivi ndivyo alivyonifundisha. Majani makavu yalowekwe kwanza kwenye pipa au beseni usiku kucha, kitu kizito kikiwa juu ili yasielee. Kama huna pipa, mwagia kila tabaka lenye unene wa shibiri moja kabla ya kuweka jingine, huku ukichanganya kwa mikono au reki. Usishangae ukimaliza ndoo tano za lita 20 kwenye biwi moja. Maji ya kufulia raundi ya mwisho, yasiyo na sabuni nyingi wala dawa ya kung'arisha, yanafaa. Ukiyakatakata majani kwa panga kabla ya kuloweka ni bora zaidi: ile nta inapasuka, maji yanaingia, na viumbe wanapata pa kuanzia kula.

Kama kipimo cha mkono kinaonyesha maji yapo na bado limepoa, angalia ukubwa. Biwi lisilofika mita 1 kwa urefu, upana na kimo haliwezi kutunza joto lake, linalipoteza kama chai kwenye sahani. Rundo la magotini litaoza, lakini litachukua zaidi ya nusu mwaka, na mbegu za magugu hazitakufa.

Ukubwa ukiwa sawa, basi tatizo ni chakula. Wale viumbe wanahitaji kaboni kama nishati na nitrojeni ya kujenga miili yao, kwa uwiano wa karibu sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Majani makavu kwa kawaida yana sehemu kati ya 40 na 80 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Unga wa mbao unapita 300, ndiyo maana rundo la randa kwa fundi seremala hukaa miaka bila kubadilika. Kinyesi cha kuku kiko karibu na 10, nyasi mbichi kati ya 15 na 25. Kwa hiyo majani makavu peke yake ni ugali bila mboga. Changanya debe moja la kinyesi cha kuku kwa madebe kumi ya majani makavu. Kama huna kuku wala jirani mwenye kuku, tumia nyasi mbichi, maganda ya ndizi na ya viazi, mabaki ya mchicha, kwa kadiri ya debe moja kwa kila mawili ya makavu. Mlusina unaoota wenyewe kwenye viwanja visivyojengwa ni hazina. Majani yake yana nitrojeni nyingi, na ukiukata unachipua tena. Walioko Lushoto, Kilimanjaro au magharibi mwa Kenya wana alizeti mwitu kando ya kila njia, yenye maua ya njano. Hiyo nayo inafanya kazi ile ile.

Dalili: lilipata moto vizuri, likapoa siku chache baadaye

Hongera, biwi lako ni zima. Viumbe wamemaliza hewa ya katikati. Joto zuri ni nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Likianza kushuka, geuza biwi: vya nje viingie ndani, vya ndani vitoke nje, na ukamue konzi unapoendelea ili ujue pa kuongeza maji. Litapanda tena. Geuza kila baada ya wiki mbili hivi. Ukigeuza na lisipande tena, na majani hayatambuliki, joto limekwisha kwa sababu chakula kimekwisha. Liache likomae.

Wakati wa kugeuza utaona utando mweupe kama majivu umetanda juu ya majani ya ndani. Watu wengi hudhani biwi limeungua. Ni viumbe wa jamii ya bakteria wanaopenda joto, na ndio wanaoipa mboji, yaani majani yaliyokwisha kuoza, ile harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Wakiwepo kidogo, ni dalili njema. Wakitanda kila mahali na vitu vimekauka, ni kilio cha maji.

Dalili: linanuka

Kabla ya kufanya lolote, ni harufu gani? Zipo mbili, na dawa zake hazifanani.

Harufu inayochoma pua kama choo cha stendi ni amonia. Nitrojeni imezidi, mara nyingi kwa sababu ya kinyesi cha kuku au nyasi mbichi nyingi, na sasa inatoroka hewani. Ni mbolea yako inayopotea. Ongeza majani makavu yaliyokatwakatwa, changanya, na harufu itapungua ndani ya siku mbili tatu. Mwenye mazoea ya kumwaga majivu ya jikoni kwenye biwi ayapunguze: majivu mengi yanaongeza alkali na kuifukuza amonia kwa kasi zaidi. Konzi chache kwa biwi zima zinatosha.

Harufu ya yai viza ni kitu kingine. Hapo hewa imekwisha na wameingia bakteria wasioihitaji. Ukifungua utakuta tabaka jeusi lenye utelezi, mara nyingi nyasi mbichi zilizomwagwa kwa wingi mahali pamoja, zikashikamana kama mkeka. Kuongeza majani makavu juu hakutoshi. Lazima ulibomoe, uchane lile tabaka vipande vipande, uchanganye na vitu vinavyoacha nafasi, kama vijiti, mabua ya mahindi au majani ya mvinje. Wakati wa kulijenga upya, simamisha katikati tita la mabua au mianzi myembamba kama dohani, hewa ipande kutokea chini. Siku ya kubomoa uvundo utakuwa mkali. Fanya kazi hiyo asubuhi, na jirani mwambie mapema. Jirani aliyeambiwa huvumilia.

Masika harufu hii ya pili humpata hata mtu makini, kwa kuwa kati ya Machi na Mei mvua inaweza kulijaza biwi usiku mmoja. Jenga juu ya matawi manene, si juu ya ardhi tupu, chimba mtaro mdogo kuzunguka, na lifunike kwa turubai au makuti yaliyoegeshwa kama paa. Turubai lisikumbatie biwi pande zote, likaziba hewa. Mvua ikipita katikati ya biwi bila kizuizi, ile rangi ya chai inayotoka chini ni rutuba yako inakwenda mtaroni.

Dalili: limeingia wadudu na wanyama

Mchwa na sisimizi wanatoa taarifa moja: biwi ni kavu. Mchwa hawapendi mahali penye maji na fukuto. Bomoa, loweka, jenga upya. Na usijenge biwi kuegemea ukuta wa nyumba wala kibanda cha mbao, acha angalau mita mbili.

Inzi wanafuata mabaki ya chakula yaliyoachwa juu. Yafukie katikati na kufunika kwa majani. Nyama, samaki, mafuta na chakula kilichopikwa visiingie kabisa, vinaleta panya. Kinyesi cha mbwa na paka nacho kisiingie, kina minyoo.

Wenye minazi wasikilize hapa. Ukikuta funza weupe wakubwa, wanono kama kidole gumba, wamejikunja kama mwezi mchanga na vichwa vya kahawia, wanaweza kuwa watoto wa chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi na kuacha makuti yamekatwa kama kwa mkasi. Chonga hutaga kwenye vitu vinavyooza: magogo ya minazi iliyokufa, samadi ya zamani, na mabiwi yaliyoachwa bila kugeuzwa. Biwi lenye moto hawawezi kukaa. Kwa hiyo nyumba yenye minazi isiwe na biwi lililosahaulika. Geuza kila wiki mbili, waokote, wape kuku. Na gogo la mnazi lisiachwe kuoza uwanjani.

Nyoka hupenda biwi lililotulia, lina joto na lina panya. Gonga kwanza kwa fimbo, anza kufungua kwa jembe lenye mpini mrefu, na vaa buti. Ile habari ya kuzamisha mkono ni kwa biwi ambalo limeshafunguliwa na umeona ndani.

Dalili: kuna vitu haviozi kamwe

Matawi mazito, makumbi ya nazi, vifuu na mapande ya makuti si vya biwi la miezi mitatu. Matawi manene ni kuni, au msingi wa biwi. Makumbi ninayapenda sana: yachane, uyaweke chini ya tuta au chini ya chungu cha maua, yanafyonza maji na kuyatoa polepole, na kiangazi utaona tofauti kwenye pilipili na mbilimbi changa.

Vifuu visiachwe vimelala mdomo juu. Kifuu kimoja chenye maji ya mvua kinatosha kulea mbu wanaoeneza dengue, na Dar es Salaam iliuonja ugonjwa huo 2014 na tena 2019. Vivunje, au vitumie kuwashia jiko.

Randa na unga wa mbao vitumike kidogo, na uulize kwanza vimetoka kwenye mbao gani. Vya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu visiingie kwenye mboji ya mboga.

Ndago ni kesi ya peke yake. Vile vitunguu vyake vya ardhini vinastahimili mengi, na biwi la nyumbani mara nyingi lina kingo ambazo hazipati moto. Visambaze juu ya bati juani hadi vikauke kabisa na kuvunjika, au vizamishe kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko kwa wiki kadhaa. Ndipo uvitie. Ukoka nao ufanyie hivyo hivyo. Ukiona nyanya na mipapai inachipua kwenye mboji yako, biwi halikupata moto wa kutosha, au halikugeuzwa vya kutosha kila kitu kipite katikati.

Dalili: mboji imewekwa, mimea inageuka njano

Hili linaumiza kuliko yote, kwa sababu mtu ameshatoa jasho. Mara nyingi mboji haikuwa imekomaa. Viumbe bado wanakula, na wakikosa nitrojeni ndani ya mboji wanaichukua kwenye udongo, mizizi inabaki bila kitu. Mboji changa pia inaweza kuwa na joto na tindikali zinazochoma miche.

Angalia kwanza kwa macho na pua: rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, harufu ya ardhi, hakuna jani linalotambulika isipokuwa vipande vya mshipa wa mkungu. Kisha tia konzi mbili zenye unyevu kwenye mfuko, uufunge, uuache kivulini siku tatu. Ukifungua ikatoka harufu kali, bado. Na kipimo ninachokiamini zaidi ni mchicha. Jaza mboji kwenye kopo moja na udongo wa kawaida kwenye jingine, panda mbegu ishirini ishirini, mwagilia sawasawa. Mchicha huota ndani ya siku chache tu. Kama kopo la mboji limeota machache, au miche imekunjamana, iache mboji iendelee kukaa mwezi mwingine imefunikwa, kisha upime upya.

Kama umeshaiweka na mimea imeanza kuwa njano, usiing'oe. Mwagilia maji ya kinyesi cha kuku kilicholowekwa siku kadhaa, yachujwe na kuzimuliwa hadi yawe rangi ya chai nyepesi, uyamwage pembeni mwa shina, si kwenye majani.

Kwa asiye na nafasi ya biwi

Uwanja wa hatua nne hauwezi kubeba biwi la mita 1, na si lazima. Tandaza majani chini ya mimea yako. Unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha. Ukizidi, mvua nyepesi ya vuli haitafika ardhini. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwani majani yenye unyevu yakiligusa muda wote, gome linaoza na mchwa wanapata njia ya kujificha. Yaache juu, usiyafukie kwa jembe, maana yakifukiwa yakiwa makavu yatafanya lile lile la kunyang'anya nitrojeni.

Yanayobaki yajaze kwenye kiroba kilichotobolewa matundu, yamwagie hadi yalowe, ufunge mdomo na kukiweka kivulini nyuma ya choo au chini ya mti. Kila mwezi kigeuze juu chini, ukamue konzi, uongeze maji. Hakitapata moto, kwa hiyo magugu yenye mbegu yasiingie. Yakiwa majani ya mwembe hesabu miezi minane hadi mwaka, na kiroba kilichojaa hadi shingoni kitashuka hadi robo yake. Mimi huandika tarehe kwa mkaa juu ya kila kiroba, kwa sababu vikishafika vitatu huwezi tena kukumbuka kipi kilitangulia.